Barua Ilishakuya? Kisa cha binti anayesubiri, Tanga mjini

Aliletwa kwangu kwa kosa la utoro. Mwalimu wake wa darasa la nne alikuja na daftari la mahudhurio kwapani, akalifungua mezani, akaniwekea kidole kwenye jina moja lililojaa alama nyekundu. "Akija anasoma, tena ana akili," aliniambia. "Tatizo haji. Ukimuuliza, tumbo. Kila mara tumbo."

Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa watoto hapa Tanga mjini. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mama wa mtoto, na nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike. Jina la mtoto silitaji. Nitamwita Binti, maana ndivyo bibi mwenye nyumba wao alivyomwita tangu siku walipoingia uani kwake, na mwenyewe aliitika.

Binti alikuwa na miaka 11, mdogo wake wa kiume miaka 6. Walitoka Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, na mama yao, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku kwa boti hadi upande wa Kigoma. Baba walipotezana naye kabla ya kufika ziwani, na hadi leo hawajapata habari zake. Kwa kawaida wakimbizi wanaoingia Tanzania kwa njia hiyo huishi kambini: Nyarugusu kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mtu hakai apendapo. Anayeishi nje ya kambi lazima awe na kibali. Familia hii ilikuwa nacho, kwa sababu ambazo sitazieleza hapa, na ndicho kilichowafikisha Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye chumba kimoja cha uani, kwa bibi aliyefahamiana na ndugu wa baba yao. Mahojiano ya kuomba hifadhi walishafanyiwa. Waliambiwa wasubiri barua yenye jibu la kamati inayopitia maombi ya hifadhi. Nilipokutana nao walikuwa wamesubiri miezi 19. Kila tarehe 5 mama alikwenda kuripoti, karatasi yake ikagongwa muhuri, kisha akarudi nyumbani kungoja tarehe 5 nyingine.

Nianze na nilipokosea mimi.

Niliposikia Kongo, vita, na baba asiyejulikana alipo, nilidhani nimeshaujua ugonjwa. Vikao vitatu vya mwanzo nilivitumia kumtafuta mtoto vita. Nilimpa karatasi na rangi, nikamwomba achore alikotoka. Akachora nyumba, mgomba, ziwa, boti, na watu waliojazana ndani ya boti. Akanionyesha nani ni nani, sauti haimtetemeki. Risasi walizisikia, alisema. Walijificha kwenye shamba la mihogo, na mdogo wake akazibwa mdomo kwa kitenge asilie. Alisimulia kama mtu anayeeleza safari ndefu iliyokwisha. Mimi nikawa nangoja machozi. Yasipokuja, nikaandika kwenye faili kwamba mtoto anazuia hisia zake.

Hakuwa anazuia kitu. Sisemi vita haikumuumiza. Huenda siku moja, akiwa mtu mzima, itamrudia kwa namna yake. Lakini wakati ule vita ilikuwa nyuma ya ziwa, na yeye macho yake yalikuwa mbele.

Nikajaribu upande wa lugha. Kiswahili chake cha Kivu kiliwachekesha wenzake: "mutoto", "kuya" badala ya "kuja". Tanga ni mji unaojivunia Kiswahili chake, na watoto wetu hawana huruma katika hilo. Nikadhani anakimbia kuchekwa. Mwalimu akaniambia hapana, walishamzoea, na siku anazokuja anacheza rede na wenzake hadi kengele ya kuingia darasani.

Aliyeona kabla yangu ni bibi mwenye nyumba. Siku moja alinivuta pembeni, akaninong'oneza: "Mwanangu, mtoto huyu anasumbuliwa mwezi ukiandama." Alikuwa amegundua kwamba Binti anakojoa kitandani kwa majira. Siku kadhaa mfululizo, inakoma, halafu inarudi. Godoro likianikwa ukutani uani, bibi yule, ambaye alfajiri haimkuti kitandani, alikuwa akihesabu kimyakimya. Kwa imani yake huyo alikuwa shetani wa mwezi, na alishakwenda kwa maalimu kumwandikishia mtoto kombe, yaani aya zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, akamnywesha mwenyewe kwa mkono wake.

Sikumpinga. Nilirudi kwa mwalimu nikaomba daftari la mahudhurio la mwaka mzima, nikahamisha zile alama nyekundu kwenye kalenda, moja baada ya nyingine. Karibu zote zilijibana kwenye tarehe 2, 3, 4 na 5. Tarehe 7 yuko darasani. Kuanzia hapo hadi mwezi unakwisha, utoro wake haukuwa zaidi ya wa mtoto mwingine yeyote. Bibi alikuwa ameona sawasawa. Mwezi wenyewe tu ndio haukuwa wa angani. Ulikuwa wa ukutani.

Kikao cha nne nilikifanyia nyumbani kwao, kwa sababu nilitaka kuona mtoto anapolala. Chumba kilikuwa safi. Kitanda kimoja, godoro la watoto limesimamishwa ukutani, jiko la mkaa mlangoni, ndoo mbili za maji zimefunikwa. Chini ya kitanda palikuwa na begi la Binti. Mama akaniambia begi hilo halijawahi kumaliziwa kufunguliwa tangu wafike. Sare anaivua, anaifua, anaikunja, anairudisha ndani. Kitana, kalamu, gauni la kanisani, na kadi ya kliniki ya mdogo wake, ambayo yeye ndiye mtunzaji, vyote humo. Nikaomba kuona madaftari. Ndani aliandika kwa kalamu ya wino kama wenzake wote. Kwenye majalada, jina lake, darasa na somo, aliandika kwa penseli. Daftari moja, la pili, la tano. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu bila kuniangalia:

"Tukienda, mwengine atafuta, aandike lake."

Mama alikuwa ameyaona majalada yale kila siku na hakuwahi kuuliza. Alikaa kitandani muda mrefu bila kusema. Ndipo akakumbuka jambo la wiki yao ya kwanza hapa. Bibi alipata wageni uani, na kwa bashasha yake akawapokea kwa ule msemo wetu: "Tanga, waja leo waondoka leo!" Watu wakacheka. Sisi tuliokulia hapa tunausikia msemo huo tangu utotoni, ni utani wa mji, ni kama kumkaribisha mtu kiti. Binti aliingia chumbani, akavaa viatu, akakaa kitandani na begi mapajani mpaka magharibi. Mama alidhani amenuna.

Mara nyingi nimeambiwa na watu wazima, wengine wasomi, kwamba mtoto hajui kitu: akishiba atalala. Nimeacha kulijibu hilo kwa upole. Mtoto anajua kwamba kuna jambo, ila hajui ni jambo gani, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wazima 45. Walicheza mchezo wa kompyuta wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna. Nyoka akiwepo, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi. Watafiti wakapima jasho na mboni za macho. Wasiwasi haukupanda zaidi pale watu walipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Watu wazima hao walikaa kwenye kiti kwa muda mfupi, tena kwa hiari yao. Binti alikaa kwenye nusu kwa nusu hiyo miezi 19, bila kuombwa ridhaa.

Mwili unapoambiwa "jiandae" haujui kwamba kinachongojewa ni barua. Moyo unakwenda mbio, homoni za mfadhaiko zinapanda, usingizi unakuwa wa juujuu, tumbo linabana. Kwa mtu mzima hali hiyo inachosha. Kwa mtoto inaweza kurudisha nyuma yale aliyokwisha kuyashinda, ndiyo maana msichana aliyeacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu anaanza tena akiwa na kumi. Tumbo la Binti lilikuwa linauma kweli. Vipimo havikuonyesha minyoo wala vidonda, na jibu la "hana kitu" ndilo lililomfanya mwalimu aamini kwamba anadanganya. Angalau vipimo vilituondolea shaka moja.

Kuna mahali hali hii imekwenda mbali zaidi. Kati ya 2003 na 2005 nchini Uswidi, zaidi ya watoto 400 wa familia zilizokuwa zikiomba hifadhi waliripotiwa kuacha kuongea, kula na kutembea. Walilala miezi mingi wakilishwa kwa mpira wa puani, na wengi walianza kuzama wakati ombi la familia likiwa limekataliwa au likining'inia. Mamlaka ya afya ya nchi hiyo iliitambua rasmi hali hiyo kuwa ugonjwa mwaka 2014, na mabishano juu ya chanzo chake yanaendelea. Binti hakuwa hata karibu na hapo. Nalitaja kwa sababu nilimsimulia mwalimu wake habari hiyo, na ndiyo iliyomfanya aache kulitumia neno "utoro".

Baada ya lile jambo la penseli niliacha kumuuliza Binti juu ya Kongo. Nilimuuliza juu ya barua.

Mama alinidokeza kwamba kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, huuliza swali moja: "Mama, barua ilishakuya?" Na mama, kwa kumwonea huruma, alikuwa akijibu: "Kesho, mwanangu. Usijali." Kesho hiyo ilikuwa imejibiwa mara mamia. Nikamwambia Binti naomba anieleze kwa nini, kwa mawazo yake, barua inachelewa. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu. Akakifunga, akakifungua. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana: "Ni miye niliharibisha."

Siku ya mahojiano alikuwa amekaa kando ya mama yake. Ofisa, kwa upole kabisa kama alivyoeleza mwenyewe, alimgeukia akamuuliza jina la kijiji chao. Akapigwa na bumbuwazi, akataja kijiji cha bibi yake mzaa mama. Ofisa akaandika. Kalamu ile ilipogusa karatasi, Binti akajua amekosea, akaogopa kusema. Tangu siku hiyo aliamini kwamba faili la mama yake, la mdogo wake, na njia ya baba yake kuwapata, vyote vimekwama kwa neno lake moja. Kila tarehe 5 ilipokaribia, aliingoja kama siku ambayo watamgundua.

Niliomba ruhusa yake nimwite mama. Alikubali baada ya kimya kirefu. Mama aliposikia aliweka mikono kichwani. "Mwanangu, lile nililirekebisha saa ileile! Nilimwambia yule baba kwamba umetaja kwa nyanya yako, akafuta, akaandika kwetu." Kwa mama lilikuwa jambo la nusu dakika, lilikwisha palepale. Hakufikiria kumwambia mtoto, kwa sababu hakujua kwamba mtoto anahitaji kuambiwa. Binti alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akauliza: "Alifutaje? Aliandika kwa penseli?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi na swali hilo bado linanirudia usiku.

Mengine tuliyoyafanya ni madogo, nitayasema upesi. Mama alikubali kuacha neno "kesho" na kushika neno "bado", kwa sababu bado ni kweli na kesho haikuwa kweli. Tulinunua kalenda ya ukutani, ile ya picha za maua, na Binti akazungushia tarehe 5 mwenyewe. Mwezi uliofuata mama aliomba ruhusa shuleni, akaenda naye kuripoti. Binti akaona kwa macho yake: meza, kitabu kikubwa, muhuri, mama mmoja wa ofisini akamuuliza anasoma darasa la ngapi. Hawakumaliza hata robo saa. Aliniambia baadaye kwamba alidhani kuna polisi na mbwa. Na mwalimu, ambaye sasa alikuwa upande wetu kwa moyo wote, akampa kazi ya kugonga kengele ya shule wiki ya kwanza ya kila mwezi. Kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyotundikwa mwarobaini. Asipokuja tarehe 3, shule nzima inachelewa kuingia darasani. Jambo hilo lilimfaa kuliko vikao vyangu vingi.

Mtu mwingine aliyenifungua macho ni fundi baiskeli wa mtaa huohuo, ambaye mdogo wake Binti alikuwa akishinda kwake kumshikia spana. Fundi huyu ni Mzigua aliyezaliwa Somalia. Wageni wa Tanga hushangaa kusikia hivyo, na baadhi ya wenyeji pia. Karne ya 19 mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi hiihii ya Uzigua, wakapelekwa Somalia, wakaishi bonde la mto Juba na kukitunza Kizigua kizazi hadi kizazi. Vita ilipolipuka huko 1991, baadhi yao walipanda vyombo vya baharini wakarudi hadi Tanga. Walipokelewa kama wakimbizi kwenye ardhi ya babu zao, kwanza Mkuyu kule Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo wilayani humohumo. Uraia wengi wao waliupata baada ya zaidi ya miaka kumi ya kungoja.

Fundi alifika akiwa na miaka saba. "Tuliambiwa mwakani, dada," alinieleza huku akizungusha gurudumu kutafuta pancha. "Kila mwaka, mwakani. Mimi nikawa nadhani Mwakani ni mtu, mzee fulani wa ofisini hajafika kazini." Nilimuuliza nini kilimsaidia. Hakusema shule wala ushauri nasaha. Alisema baba yake alipanda mwembe. Yeye akamuuliza baba: sasa wakituhamisha? Baba akamjibu: basi atakula mwingine.

Tunayo mifano mikubwa zaidi nchini. Warundi walioingia 1972, takriban 162,000 wao na watoto wao, walitangaziwa mwaka 2010 kwamba wamekubaliwa uraia. Vyeti vyenyewe vilianza kutolewa 2014. Ni jambo la heshima ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa wakimbizi wengi namna hiyo, na nalisema kwa fahari. Lakini kati ya tangazo na cheti ilipita miaka minne, na mtoto aliyekuwa na miaka 7 siku ya tangazo alikuwa na 11 siku ya cheti, umri wa Binti. Ukiwa na miaka 11, miaka minne ni zaidi ya theluthi moja ya uhai wako wote.

Najua kamati haiwezi kutoa majibu kwa haraka ninayoitaka mimi. Madai lazima yachunguzwe, na wanaochunguza ni watu wachache wenye mafaili mengi. Ninachokilaumu ni ukimya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania imeuridhia, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na kifungu cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi waziwazi. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele. Kumsikiliza mtoto hakuhitaji bajeti. Ofisa aliyemuuliza Binti jina la kijiji angeongeza sentensi moja tu kabla ya kufunga faili, "ukikosea tunarekebisha, si kosa lako," angemwokolea miezi 19. Hata mimi ningemwokolea mitatu, kama ningeuliza juu ya kesho kabla ya kuuliza juu ya jana.

Imepita miezi mitano tangu kikao kile. Kukojoa kitandani kumepungua, hakujakwisha. Tumbo linamuuma siku moja kwa mwezi, si nne. Kombe bibi bado anamnywesha, nami sina neno, maana mkono unaoishika bilauri ile unampenda mtoto. Begi liko palepale chini ya kitanda. Siku hizi sare inatundikwa msumarini, ila kadi ya kliniki haijatoka ndani. Majalada ya madaftari ya muhula huu ameyaandika kwa penseli tena. Sikumwambia kitu.

Mwezi huu tarehe 5 iliangukia siku ya shule. Nilipita kwao mchana, nikamkuta mama akichambua mchicha barazani, karatasi yake imeshagongwa muhuri, imekunjwa ndani ya pochi. Binti alirudi saa nane na nusu, vumbi la rede miguuni. Alimwamkia bibi, akaniamkia mimi. Akasimama mbele ya mama yake.

"Barua ilishakuya?"

"Bado."

Alivua viatu, akaviweka mlangoni, akachukua ndoo akaenda bombani.